UKAPA HAUKUMWANGUSHA MKAPA

Wa kijiweni, sogea hapa tuambizane ukweli, hata kama unauma.

Enzi za Mzee Mwinyi mambo yalikuwa ruksa. Benjamin Mkapa aliposhika nchi mwaka 1995, serikali ikabana matumizi na noti ikapotea mtaani. Vijana wa mjini wakaipa hali hiyo jina lake: ukapa. Huna nauli ya daladala? Uko ukapa. Shirika la umma limeuzwa na wewe umepigwa redandansi? Uko ukapa, na watoto wako pia.

Ukaja uchaguzi wa Oktoba 2000. Kila kijiwe kiliapa kwamba mara hii CCM kwaheri, njaa itawang'oa.

Ikawang'oa? Mwaka 1995 Mkapa alipata asilimia 61.8. Mwaka 2000, na ukapa wake mabegani, akazoa 71.7! Profesa Lipumba wa CUF, aliyeungwa mkono na CHADEMA, akaambulia 16.3. Na Mrema je? Yule ambaye mwaka 1995 vijana walisukuma gari lake kwa mikono, akapata 27.8, safari hii akaishia 7.8.

Najua utasema waliiba. Kule Zanzibar uchaguzi ulivurugwa mchana kweupe hadi kura zikarudiwa katika majimbo 16. Na Radio Tanzania ilikuwa ikimwimbia nani? Hilo halina mjadala. Lakini wapinzani tusijifiche nyuma yake. Mrema na Marando waligombania NCCR-Mageuzi mpaka mahakamani, na mwaka 1999 Mrema akahamia TLP. Mkulima mwenye njaa alipotazama vita ile ya viti, kwa nini atukabidhi ghala? Alibaki na balozi wake wa nyumba kumi, ambaye angalau anamfahamu na msibani humwona. CCM walikuwa na balozi huyo hadi kijijini kabisa. Sisi tulikuwa na jukwaa, vipaza sauti na nyomi la watu.

Tena nyomi lenyewe hilo! Kijana amepiga miluzi tangu saa nane mchana, sauti imemkauka, fulana imelowa jasho. Muulize: shahada yako ya kupigia kura iko wapi?

"Mshikaji, siku ya kujiandikisha foleni ilikuwa ndefu, nikasepa."

Matokeo yalipotangazwa alikuwa pale pale kijiweni, anakopa sigara moja na kumtukana Mkapa.