Wanasheria wanaoteremka Mombo
Kila wanapohitimu vijana wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama, hapa Lushoto, nawaona stendi na mabegi yao, wakiteremka kona za Soni hadi Mombo kutafuta kazi Dar es Salaam. Siwalaumu. Anayetaka uwakili sharti apate shahada, kisha apite Shule ya Sheria. Na kampuni za mawakili zenye mshahara wa uhakika ziko huko mjini. Lakini mlimani kazi imejaa! Mashamba ya Mlalo na Mtae yamegawanywa kwa warithi hadi kubaki vipande, na mjane husogezewa mpaka hatua mbili kila msimu. Tangu 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana, mjane huyo aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na nani amwandikie madai yake? Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama, kwa hiyo hati hiyo anaweza kusomewa akaielewa neno kwa neno. Naiomba halmashauri chumba kimoja karibu na soko, na posho ya wahitimu wawili, wabaki.