Ukiolewa, Usitupe Chombo Chako cha Karatasi



Posa ikishapokelewa, mwari wa hapa Gando huambiwa: "Sasa mkubwa, acha michezo." Kwa mwengine michezo hiyo ni mkasi, gundi na maboksi matupu yaliyogeuzwa vyombo vya anga, vikapangwa mezani kupigana vita vya nyotani. Mimi nasema asiviache.

Kwanza, tusidhani anga ni ya watu wa mbali. Mwaka 1962, Mmarekani John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, kituo kimoja kati ya vilivyofuatilia safari yake kilikuwa kwa jirani zetu, Unguja.

Pili, kazi yenyewe ni ya mikono yetu. Hewa ya bahari hulegeza karatasi nyembamba, hivyo huchaguliwa ngumu. Mstari wa kukunja hukwaruzwa kwanza kwa mgongo wa kisu, bila kukata, ndipo mkunjo ukae sawa. Kila ukingo huachiwa kijilimi cha kutia gundi. Ukipunja kidogo upande mmoja, pua ya chombo haifungi. Anayeshona kofia ya vito au kusuka ukili anaijua subira hiyo.

Tatu, dini. Wapo wanaosema mtu mzima hachezei sanamu. Chombo cha anga hakina roho wala uso. Na katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na farasi wa kuchezea mwenye mbawa mbili za viraka. Mtume (s.a.w.) alipomuuliza, alijibu kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa. Mtume akacheka hadi magego yakaonekana. Hiyo ilikuwa nyumba ya mke na mume.

Tahadhari ni dadu, ambazo wanazuoni wengi wamezikataza. Basi chezeni kama bao, kwa hesabu na akili, bila dadu wala pesa, na sala isipite.

Mume akienda dago, nyumba huwa kimya. Mwanamke mwenye kitu anachokipenda hukaa katika kimya hicho bila kunung'unika. Kwa hiyo somo, unapomfunda mwari udi na mapishi, muulize pia mikono yake inapenda nini. Na wewe bwana harusi, ukikuta boksi la sabuni limekatwa, usigombe. Kaa chini upewe chombo chako.