Kisomo Kimemfaa Nini?



Katika mitaa yetu ya pwani kuna neno ambalo wazazi hulitamka kwa uchungu: "Mtoto amesoma hadi chuo kikuu, na leo yuko nyumbani. Kisomo kimemfaa nini?" Neno hili huanza kwa mkubwa likawaangukia wadogo zake, hasa wa kike, kwani kaka akikosa kazi, huwa ndiyo hoja ya kumtoa dada skuli. Juma hili tuipime hoja hiyo kwa maisha ya mtaalamu mmoja.

Aziz Sancar alizaliwa mwaka 1946 katika mji mdogo wa Savur, kusini-mashariki mwa Uturuki, akiwa wa saba kati ya watoto wanane. Wazazi wake hawakujua kusoma wala kuandika, lakini walishikilia kwamba watoto wao wasome. Alihitimu udaktari wa tiba katika Chuo Kikuu cha Istanbul mwaka 1969, akatibu watu wa kwao kwa muda, kisha akaenda Marekani kusomea biolojia ya molekuli, elimu inayochunguza mambo yapitayo ndani ya seli za viumbe. Mwaka 1977 akapata shahada ya uzamivu katika jimbo la Texas.

Hapo mtihani ukamfika. Aliomba nafasi ya utafiti katika maabara tatu, na zote zikamkataa. Basi daktari huyu akakubali kazi ya fundi wa maabara katika Chuo Kikuu cha Yale, kazi iliyo chini ya daraja lake. Na katika kazi hiyo ndimo ulimoanzia ugunduzi uliompatia jina.

Ndani ya seli zetu mna vinasaba, yaani DNA, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja zenye kubeba maumbile yetu. Nyuzi hizo hudhurika kila siku, kwa jua kali, kwa moshi wa sigara na kwa mengineyo. Sancar, akichunguza bakteria, alionesha jinsi vimeng'enya vinavyoitambua sehemu iliyodhurika, vikaukata uzi huku na huku, kipande kibovu kikatoka, na pengo likajazwa upya kwa kufuatisha uzi wa pili ulio mzima. Ni kama mshonaji mkeka aondoavyo ukili uliooza, akatia mwingine wa kiasi kile kile. Matokeo yalichapishwa mwaka 1983, naye alikuwa amekwisha kuhamia Chuo Kikuu cha North Carolina, ambako aliendelea kuichunguza kazi hiyo katika seli za binadamu.

Faida yake ni kubwa. Wako watoto wanaozaliwa na kasoro katika ukarabati huo. Jua kidogo huwaunguza ngozi, na saratani huwajia mapema. Tena baadhi ya dawa za saratani, kama sisplatini, huua seli za maradhi kwa kudhuru vinasaba vyake. Seli hizo zikijikarabati, dawa hupungua nguvu. Mwaka 2015 Sancar alitunukiwa Nobel ya Kemia pamoja na Tomas Lindahl na Paul Modrich. Tangu alipokataliwa na maabara tatu ilikuwa imepita miaka 38. Mkewe, Gwendolyn, naye ni mtaalamu wa biokemia, na wamefanya utafiti pamoja.

Ndugu zangu, si kila msomi atatunukiwa na dunia, na karo ni mzigo mzito kwa wengi wetu. Lakini kumhukumu kijana kwa mwaka mmoja wa kukosa kazi ni dhuluma. Akipata kazi ndogo iliyo karibu na elimu yake, ya maabara ya zahanati, ya duka la dawa, au ya kufundisha watoto mtaani, tumtie moyo wala tusimcheke. Na binti asilipishwe deni la kaka yake. Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) ni ya kusoma, wala haikufungwa kwa sharti la mshahara. Mama asiyejua kusoma aweza kumlea mwanachuoni, maadamu hakumkatia njia.

Mwenyezi Mungu awaruzuku watoto wetu elimu yenye manufaa, na atupe sisi wazazi subira ya kuingojea. Amin.