Minane ni Zaidi ya Saba

Wiki iliyopita hapa Kizimbani, mama mmoja alirudi kutoka hospitali na kitoto chake njiti, cha mimba ya miezi minane. Alikaa naye wodini mpaka akajua kunyonya na kuanza kuongeza uzito, ndipo akaruhusiwa kwenda kumlea nyumbani. Majirani tukaenda kumpa mkono. Bi mkubwa mmoja akafunua kanga, akamtazama mtoto, akamfunika, kisha akamwambia mzazi: "Mwanangu, usimtie sana rohoni. Angekuwa wa saba angekaa. Wa minane hakai." Waliokuwepo wakaitikia kwa kichwa, wakaendelea na chai.

Hasira haijanitoka hadi leo. Neno hilo nimelisikia tangu utotoni, likisemwa na watu wazima wa heshima, tena kwa sauti ya huruma. Sijapata kuliona likimfaa mtoto hata mmoja.

Minane ni zaidi ya saba. Mtoto wa skuli ya maandalizi anaijua hesabu hiyo. Aliyekaa tumboni mwezi mmoja zaidi amenona zaidi chini ya ngozi, na joto lake halimtoki upesi. Karibu na wiki ya 34 ndipo anapoweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango. Ute unaozuia vifuko vya hewa vya mapafu visigandamane nao huongezeka kadiri wiki zinavyokwenda. Hakuna kiungo kinachokomaa mwezi wa saba, kikaharibika wa nane, kikatengenea wa tisa. Anayekijua anionyeshe.

Wakibanwa husema hizi ni mila zetu. Si zetu. Katika maandishi ya Kigiriki yanayonasibishwa na Hippocrates imo risala nzima juu ya mtoto wa miezi minane. Wanajimu wakaja wakaigawia miezi ya mimba sayari, na wa nane wakaupa Zuhali, nyota waliyoiita ya baridi na ukavu. Na katika kitabu cha habari za wanyama kinachonasibishwa na Aristotle imeandikwa kuwa Misri watoto wa miezi minane huishi, lakini Ugiriki akiishi mmoja watu husema mama yake alikosea kuhesabu. Imepita miaka zaidi ya 2,300, na hapa Unguja ujanja ni ule ule. Mtoto akifa, alikuwa wa minane. Akiishi, "basi huyo alikuwa wa saba, mama yake hakuhesabu vizuri." Hawatazami umri wakajua mwisho, wanasubiri mwisho ndipo wanaupanga umri. Imani ya namna hiyo haitashindwa abadan, hata tukiweka ushahidi wote mbele yake.

Wanaoniudhi zaidi ni wale wanaoivika kilemba cha dini. Maulamaa walizisoma pamoja Surat Al-Ahqaf, iliyotaja miezi thelathini ya mimba na kunyonyesha, na Surat Luqman, iliyotaja miaka miwili ya kunyonyesha, wakatoa hukumu kwamba uchache wa mimba ni miezi sita. Sita! Wa sita ana nasaba yake na haki zake. Nani basi aliyemkubali wa sita, akamkubali wa saba, akamfungia mlango wa minane? Khutba za mavazi ya wanawake nimezisikia mpaka nimezihifadhi. Khutba ya kumtetea kichanga huyu bado naisubiri.

Siku ile ile ya kumpa mkono mzazi, bwana mmoja alinipinga: "Shangazi yangu alizaa wa minane mwaka 1974, akafa." Hiyo ndiyo hoja yake yote, mtoto mmoja wa nusu karne iliyopita. Nikamuuliza alilishwa nini, nani alimpa joto, na alipelekwa wapi alipoacha kunyonya. Hajui. Anachokijua ni mwezi tu, na kwa mwezi huo mmoja anataka kuwahukumu watoto wote wa kisiwa hiki.

Na hukumu hiyo inaua. Njiti aliyerudi nyumbani ni kazi ya usiku na mchana. Anabebwa kifuani ngozi kwa ngozi, amevaa kofia, soksi na nepi tu, amefungwa kwa kanga, saa nane kwa siku au zaidi. Kama bado hana nguvu ya kunyonya vya kutosha, mama hukamua maziwa na kumlisha kwa kikombe kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, na akiwa amelala huamshwa. Mikono huoshwa kwa sabuni kabla ya kumgusa. Mwenye mafua hakaribii. Chetezo cha udi na jiko la makaa hubaki nje, kwa kuwa mapafu yale hayana nguvu ya kupambana na moshi. Akiwa baridi, akigoma kula, akigeuka manjano au akikatika pumzi, ni kukimbilia hospitali wakati huo huo.

Sasa mwambie mama kwamba mtoto huyu hakai. Ataamka kwa nguvu gani saa nane za usiku? Mume atatoa nauli ya kurudi kliniki kwa ajili ya nani? Mtoto akishakufa kwa baridi na njaa, wale wale watakaa msibani waseme, "Tulisema."

Dunia imeshatoka huko. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey, mjini Bogotá, Colombia, alikuwa na mashine chache za joto na vichanga wengi, akawapa akina mama kazi ya mashine: kuwabeba watoto kifuani. Utafiti uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa kuanza kubeba kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie, kulipunguza vifo vya vichanga wadogo kwa robo. Watoto hao walikuwa na uzito wa kuanzia kilo moja hadi chini ya kilo 1.8. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likaelekeza kila njiti abebwe hivyo, hospitali na nyumbani.

Nyumbani kwetu mtoto wa mdogo wangu alibebwa na baba yake. Wanaume wa barazani walimcheka kwamba amegeuka yaya. Walimcheka mtu anayemtia mwanawe joto! Leo mtoto huyo anakimbia skuli.

Na hapa Kizimbani hatuna udhuru wa kutojua kulea. Mche wa mkarafuu tunauwekea kivuli, tunaumwagilia, tunauangalia kitaluni miezi mingi kabla ya kuutoa shamba. Hakuna bwana shamba anayesema mche huu umechipua mwezi mbaya, uacheni ukauke.

Kuna na hili. Mwaka 2025 sheria ya kazi ya Bara ilibadilishwa ili mama wa njiti aongezewe likizo kwa zile wiki alizokosa mtoto tumboni. Ajira si jambo la Muungano. Wawakilishi wetu wana wajibu wa kuhakikisha mama wa Unguja hapati pungufu ya mwenzake wa Dar es Salaam.

Mashehe watamke kwenye mimbari, bila kumung'unya, kwamba wa minane hukaa. Wahudumu wa mpango wa Jamii ni Afya wanaopita majumbani wamkalishe na bibi pia, wasizungumze na mama peke yake, maana bibi ndiye mwenye amri ya nyumba ndani ya arubaini. Na anayekuja kumwona njiti aje na sabuni, aje na chakula cha mzazi, au aoshe mikono ashike zamu ya kumbeba mtoto ili mama alale. Aliyekuja kuhesabu miezi hana kazi humo ndani.