Mashabiki wa Goma wasihesabu pesa za Kuminga kwa kalamu ya tajiri

Tangu mwisho wa mwezi wa tisa 2025, mjini Goma kuna mjadala ambao hauishi. Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma tarehe 6 mwezi wa kumi 2002, mwaka uleule ambao Nyiragongo ilimwaga moto hadi katikati ya mji, alikubali kubaki Golden State Warriors. Mkataba ulikuwa wa miaka 2 na pesa zake zingeweza kufika dola milioni 48.5. Msimu wa kwanza ulikuwa wa dola milioni 22.5. Mwaka wa pili uliwekwa mikononi mwa timu: ikimtaka ingemweka, isipomtaka ingemwacha.

Kwenye parkingi za motari, mbele ya maduka ya mayunite, pembeni ya viwanja vya basketi, watu wamegawanyika. Kambi ya kwanza inasema kijana ana tamaa. Alikataa pesa majira yote ya joto, akachelewesha timu, kumbe angekubali kidogo ili Stephen Curry apate wenzake wa maana. Kambi ya pili inasema kijana ameibiwa. Kwao kikomo cha mishahara cha NBA ni mtego uliotegwa ili Mwafrika asipande juu. Kambi zote mbili zina sauti kubwa, na zote mbili zimepotea njia.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanabishana bila kuijua.

Kwa msimu wa 2025-26, kikomo cha mishahara cha NBA kilikuwa dola milioni 154.6 kwa kila timu. Si ukuta wa mawe. Timu inaweza kupita kwa njia zilizoandikwa, hasa ikitaka kuwabakisha wachezaji wake yenyewe. Ila msimu huo ikipita dola milioni 187.9 ilianza kulipa kodi ya anasa, na ikipita dola milioni 207.8 ilifungwa mikono: ilikatazwa njia nyingi za kusajili na kubadilishana wachezaji. Golden State wanajua ladha ya kodi hiyo. Msimu wa 2021-22, walipochukua ubingwa Kuminga akiwa kijana wa mwaka wa kwanza, walilipa zaidi ya dola milioni 170 za kodi peke yake, mbali na mishahara.

Sasa watazamwe watu 3 wa timu hiyo. Msimu wa 2025-26 Curry alipangiwa dola milioni 59.6. Jimmy Butler alipangiwa milioni 54.1. Draymond Green alipangiwa milioni 25.9. Ukijumlisha ni karibu dola milioni 140, yaani watu 3 walikula sehemu 9 kati ya 10 za kikomo kizima kabla mtu wa 4 hajapewa sahani. Kuminga alikuja mezani wakati sufuria imeshakwanguliwa. Hapo ndipo ugomvi wake ulipoanzia. Uvivu na kiburi ambavyo watu wanamsingizia havimo katika hesabu hiyo.

Kambi ya kwanza ijibu swali moja. Kama Kuminga angekubali milioni 8, ile pesa iliyobaki ingeenda wapi? Je, tiketi ya uwanjani San Francisco ingeshuka? Je, mtu wa Majengo au Ndosho anayetazama mechi kwa simu, kabla jua kutoka, angepunguziwa mayunite? Hapana. Pesa ile ingebaki kwa mwenye timu. Wamiliki wa sasa waliinunua Golden State mwaka 2010 kwa dola milioni 450. Mwaka 2024 jarida la Forbes liliithamini kuwa dola bilioni 8.8. Mali ya namna hiyo haihitaji mlinzi wa bure kutoka Birere.

Lakini ndivyo mashabiki wengi wa Goma walivyojifunza kusema. Wanazungumza kama wahasibu wa tajiri. “Huyu bei yake ni kali.” “Huyu auzwe pamoja na mwingine.” “Huyu mkataba wake unaziba.” Mtu aliyeamka na njaa, ambaye hana mkataba wa kazi hata wa wiki moja, anahesabu ni jinsi gani bilionea atapunguza gharama. Anayepunguzwa katika hesabu hiyo ni mfanyakazi kama yeye, tena mtoto wa mji wake. Hiyo ni kalamu ya kuazima, na anayeiazima huandika deni lake mwenyewe.

Kambi ya pili nayo isishangilie. Wanaosema kikomo ni utumwa hawajui kilitoka wapi. Wamiliki hawakukiweka peke yao usiku. Kinatoka kwenye mkataba kati ya wamiliki na chama cha wachezaji, na ulipiganiwa. Mwaka 1998 wamiliki walifunga milango, wachezaji wakakaa bila mshahara hadi mwezi wa kwanza 1999, na msimu ukabaki na mechi 50 tu kwa kila timu. Kati ya viongozi wa chama cha wachezaji wakati huo alikuwemo Dikembe Mutombo, mtoto wa Kinshasa. Mkongomani alikuwa mezani, upande wa wafanyakazi. Mwaka 2011 milango ilifungwa tena, na fungu la wachezaji katika mapato ya basketi likashuka kutoka asilimia 57 hadi karibu nusu kwa nusu.

Walishindwa mambo mengi, ni kweli. Ila walibaki na kitu ambacho watu wa hapa hawakitaji kamwe: sakafu. Kanuni zilezile zinazoweka dari zinaitaka timu itumie angalau asilimia 90 ya kikomo kwa mishahara. Tena kuna mshahara wa chini kwa kila mchezaji. Tajiri hawezi kuchukua faida halafu kuwalipa vijana maharage. Nyumba ile ina dari, lakini pia ina sakafu, na wapangaji waliulizwa kabla ya kujengwa.

Si kila mchezo wa Marekani umekubali dari. Katika baseball hakuna kikomo kigumu cha mishahara hadi leo. Kuna kodi tu kwa timu inayozidisha matumizi. Wamiliki walijaribu kukiingiza mwaka 1994, wachezaji wakagoma, na fainali zao kubwa za mwaka ule zikafutwa kabisa. Hapo inaonekana wazi kwamba kikomo si sheria ya Mungu wala uchawi wa Wazungu. Ni makubaliano. Anayekuja mezani na nguvu hupata makubaliano mazuri, na asiyekuja hupangiwa.

Sasa ile habari ya “thamani ya mchezaji”. Watu wanaapa kwamba soko halidanganyi, kwamba bei ya Kuminga ndiyo uwezo wake. Wakumbuke mwezi wa nne 2025, mechi ya mchujo dhidi ya Memphis: kocha hakumwingiza hata dakika moja. Mwezi uliofuata Curry aliumia, na katika mechi ya 3 dhidi ya Minnesota kijana huyohuyo akafunga alama 30. Je, alizaliwa upya katika wiki 4? Hapana, alipewa dakika tu. Thamani yake ilikuwa mikononi mwa anayepanga nani akae benchi.

Halafu kuna kamba ya kanuni. Baada ya miaka 4 ya kwanza, Kuminga hakuwa huru kamili. Timu nyingine ikimpa mkataba, Golden State walikuwa na haki ya kulipa kiasi hichohicho na kumbakisha. Na timu zenye nafasi chini ya kikomo majira yale zilihesabika kwa vidole. Magazeti ya Marekani yaliandika kwamba Sacramento na Phoenix walimtaka, lakini bila Golden State kukubali mabadilishano, mlango ulibaki umefungwa. Mbele yake kulikuwa na karatasi ya karibu dola milioni 8 kwa mwaka mmoja, au kusaini anachopewa. Ng'ombe mwenye mnunuzi mmoja sokoni bei yake haisemi uzito wake.

Na hata hiyo milioni 22.5 ilikuwa na kazi mbili. Timu iliyopita kikomo haiwezi kuchukua nyota wa bei kubwa bila kutoa mishahara inayokaribiana. Kwa hiyo mkataba wa Kuminga ulikuwa mshahara wake, na pia ulikuwa jiwe la mizani ambalo timu ingeweza kulitumia baadaye kupata mtu mwingine. Safari yake ilianza hivyohivyo. Mwezi wa pili 2020 Golden State walimpeleka D'Angelo Russell Minnesota, wakapata Andrew Wiggins pamoja na haki ya kuchagua kijana kwenye drafti. Haki hiyo ndiyo iliyokuja kuwa namba 7 ya mwaka 2021, yaani Kuminga. Aliingia kwenye hesabu ya biashara kabla watu wale hawajajua kama ndiye watakayemchagua. Wanaomlaumu kwa kupigania pesa zake wanamtaka awe mpole ndani ya soko ambalo halikuwahi kuwa pole kwake.

Lakini kosa kubwa la kambi zote mbili ni kwamba mjadala unaishia San Francisco. Hakuna anayeuliza: mchezaji wa Goma, hapa Goma, thamani yake inaandikwa wapi?

Jibu linajulikana na kila aliyewahi kuvaa jezi mjini hapa. Mara nyingi haiandikwi popote. Mchezaji anaishi kwa nauli, kwa viatu alivyopewa na mtu, na kwa ahadi ya rais wa timu. Akiumia goti, ni mama yake anayetafuta pesa ya dawa. Akihama, mtu fulani anapokea kitu chini ya meza, na yeye anaambiwa ashukuru. Hakuna dari, hakuna sakafu, hakuna meza. Na anapotokea wakala na karatasi ya lugha ngeni na hadithi ya shule ya Marekani, familia inasaini ikipiga makofi, kwa sababu ni karatasi ya kwanza ambayo mtoto amewahi kupewa.

Katika mpira wa miguu, FIFA imeweka kanuni ya mshikamano. Mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa timu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Timu iliyomfundisha kuanzia miaka 12 hadi 15 inapata asilimia 0.25 kwa kila mwaka. Kwa hiyo mtoto akiuzwa kwa dola milioni 1, timu ya mtaa iliyokaa naye miaka hiyo 4 inastahili dola 10,000. Kwa timu za Goma kama Virunga au Dauphin Noir, au timu ndogo ya watoto ya mtaani, hizo ni mipira, jezi na maji kwa misimu kadhaa. Lakini pesa hiyo inafuata karatasi. Mtoto asiyekuwa na leseni, ambaye hakuandikishwa mwaka kwa mwaka, kwenye hesabu ya FIFA hakuchezea Goma. Alianguka kutoka mbinguni.

Katika basketi hali ni kali zaidi, kwa sababu anayeingia NBA kupitia drafti hailetei timu ya utoto wake fungu la namna hiyo. Kuminga aliondoka kwenda Marekani mwaka 2016. Kutoka milioni zake zote, uwanja aliokimbilia akiwa mtoto haudai hata senti moja kisheria. Kitakachokuja, kikija, kitakuwa zawadi. Na mji hauwezi kujenga michezo yake kwa kungoja zawadi, hata ikiwa mkubwa kama Mutombo aliweza kusaidia kujenga hospitali nzima Kinshasa.

Wapo watakaosema: nani anaongea mikataba wakati huu? Mwezi wa kwanza 2025 benki zilifungwa Goma, ndege zikaacha kuja, vilabu vikabaki bila pesa, watu wakazika ndugu zao. Ni kweli yote. Lakini kuandika hakuhitaji benki. Timu isiyo na dola 20 inaweza kuandika kwamba inadaiwa dola 20. Inaweza kuandika nani atalipa matibabu, mchezaji ataondoka kwa masharti gani, na nani amemlea tangu lini. Tena wakati wa taabu ndio wakati karatasi inahitajika zaidi, kwa sababu neno la mdomo linakimbia vita pamoja na aliyelisema.

Basi wapenzi wa basketi na mpira wa mji huu, wanaoweza kutaja mishahara ya Golden State bila kusoma, wabadili swali. Wawaulize viongozi wa vilabu vyao mambo 3. La kwanza, kila mchezaji, mkubwa kwa mdogo, apewe mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoielewa, na nakala ibaki nyumbani kwake. La pili, kila mtoto aandikishwe na kupewa leseni kuanzia miaka 12, na daftari litunzwe mahali zaidi ya pamoja. La tatu, wachezaji wawe na chama chao, hata kama kinaanza na watu 10 chini ya mti, ili siku viongozi watakapotaka kuweka kikomo cha primu, pawe na mtu wa kuwauliza: sakafu iko wapi?

Kuminga ana ajenti, ana chama, ana kanuni zilizoandikwa, na bado walimkalisha majira mazima akisubiri. Yule wa Katindo anayefunga alama 25 kila Jumapili hana hata kimoja kati ya hivyo. Huyo ndiye anayestahili kelele za Goma.