Kabla hamjauza vyombo vya kijana, chomoeni waya kwanza

Barua ya wiki hii imetoka kwa mama ambaye mwanawe, aliyemaliza kidato cha nne, anarekodi kwaya na matangazo ya maduka chumbani kwake kwa kompyuta mpakato. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri, na ada ya mdogo wake muhula uliopita ilichangiwa na fedha hizo. Sasa sauti inakwaruza. Wakati mwingine saundi kadi inazimika katikati ya wimbo na wanakwaya wanaanza upya. Fundi amesema kompyuta imechoka, inunuliwe nyingine. Baba amesema vyombo viuzwe, kijana atafute kazi ya kueleweka. Mama anauliza amwunge mkono nani.

Mama, kwa sasa usimwunge mkono yeyote. Katika barua yako kuna sentensi moja ambayo naona fundi hakuipa uzito. Umesema matatizo yalianza baada ya kijana kununua kidude cha kuongeza matundu. Kidude hicho ni habu ya USB, na kinafanya kazi mfano wa ekstensheni ya umeme: kinachukua tundu moja la kompyuta na kuligawa kuwa manne au zaidi. Kijana hakukosea kukinunua. Kompyuta nyingi za siku hizi zina matundu mawili au matatu, naye ana saundi kadi, kinanda, diski ya nje, kipanya na modemu. Vyote hivyo avichomeke wapi? Tatizo ni kwamba amevirundika vyote kwenye habu, na saundi kadi imo humo humo.

Watu wengi hudhani habu inaharibu sauti kwa kupunguza kasi. Hesabu inakataa. Sauti ya maikrofoni mbili, kwa biti 24 na kilohezi 48, haifiki megabiti 3 kwa sekunde. Tundu la USB 2.0, teknolojia ya mwaka 2000, limetengenezewa megabiti 480. Njia ni pana mno. Kinachopungua ni umeme. Tundu hilo linatoa volti 5 na miliampea 500, basi. Ukichomeka hapo habu isiyo na chaja yake, vifaa vyote vinagawana miliampea zile zile, na habu yenyewe inakula kidogo. Kwa utaratibu wa USB, kila tundu la habu ya namna hiyo limehesabiwa miliampea 100 tu. Kwa kipanya zinatosha. Saundi kadi nyingi zinazotegemea umeme wa kompyuta zinataka zaidi ya hapo, hasa mkibonyeza kile kitufe cha volti 48 cha kuamsha maikrofoni za studio. Halafu diski ya nje inaanza kuzunguka, inanyonya umeme kwa ghafla, na saundi kadi inabaki na njaa. Mtu aliyesimama pembeni ataona kompyuta imechoka.

Jioni ya leo kaa na mwanao, na baba awepo pia, aone kwa macho yake. Chomoeni kila kitu. Saundi kadi ichomekwe peke yake kwenye tundu la kompyuta yenyewe, bila habu, mrekodi dakika 10. Sauti ikiwa safi, wekeni habu kwenye tundu jingine na mrudishe vifaa kimoja kimoja, mkirekodi kidogo kila mara. Kitakachorudisha mikwaruzo ndicho mshtakiwa. Zoezi hilo halina gharama. Na fundi anayesema nunua mpya kabla hajachomoa waya hata mmoja, mpeni maji ya kunywa na nauli, aende.

Mikwaruzo ikibaki hata saundi kadi ikiwa peke yake, badilisheni waya wake kwanza. Kisha kijana aangalie bafa kwenye programu ya kurekodi: ikiwa 64, kompyuta inakimbizwa; aipandishe hadi 256 au 512. Kama mnachosikia si mikwaruzo bali mvumo usiokatika, chomoeni chaja ya kompyuta mrekodi kwa betri. Mvumo ukiondoka, shida iko upande wa chaja na ethi ya nyumba, na hapo aitwe fundi umeme. Nimeona watu wakikata jino la ethi kwenye plagi ili kuondoa mvumo. Msithubutu, jino lile linalinda uhai.

Ikionekana habu bado inahitajika kwa diski na kinanda, nunueni yenye chaja yake ya ukutani. Saundi kadi ibaki kwenye tundu la kompyuta. Lakini kumbukeni kwamba umeme ukikatika, habu hiyo inaweza kuzimika papo hapo, wakati kompyuta inaendelea kwa betri. Kama wimbo ulikuwa unaandikwa moja kwa moja kwenye diski iliyo kwenye habu, unaweza kupotea, na kwaya ya watu 20 imeshapanda daladala kurudi makwao. Kijana arekodi ndani ya kompyuta, na kazi ikiisha ndipo anakili kwenye diski.

Sasa kuhusu baba. Umeandika kwamba kijana anarekodi hadi saa 7 usiku na baba anaamka saa 11 kwenda kazini. Hapo baba ana haki yake, na hakuna habu ya kutatua hilo. Wapangiane saa ya kuzima spika, baada ya hapo ni hedifoni tu. Kijana pia amwonyeshe daftari: kwaya ngapi, kila moja imelipa kiasi gani, kipi kimenunuliwa. Mzee aliyekwisha kuona kwamba sehemu ya ada imetoka chumba kile hazungumzi na kijana kama anavyozungumza na mtu anayecheza. Na habu mpya, ikihitajika, inunuliwe kwa fedha za kijana mwenyewe.

Mkishafanya jaribio, niandikie ni kifaa gani kilichorudisha mikwaruzo. Mimi naishuku diski ya nje.