Kihamba Chetu na Mambo ya Nchi





Tangu uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, ambapo damu ya Watanzania ilimwagika na familia nyingi zikabaki na kilio, tunalisikia neno moja likirudiwa katika jumuiya ndogo ndogo, katika vikundi vya akina mama, na hata mbele ya milango ya makanisa baada ya Misa: "Siasa tuwaachie wenyewe, sisi tulime migomba yetu, tule, tulale." Hatulidharau neno hilo. Linatoka katika hofu na uchovu, na mtu aliyetoka kuzika hapaswi kukaripiwa kwa sababu anatafuta kivuli cha mgomba wake apumzike.

Hata hivyo, wajibu wa Tume ya Haki na Amani ni kuuliza: je, jambo hilo linawezekana? Yupo mtu awezaye kupanda masale kukizunguka kihamba chake na kuyaacha mambo ya nchi yabaki nje? Tunajibu kwamba hayupo. Nasi tunapenda kueleza sababu kwa kukitazama kihamba chenyewe, maana kihamba ni mwalimu tunayemfahamu sote tunaoishi chini ya Mlima Kilimanjaro.

Utajiri tuliorithi

Kwa ajili ya vijana waliokulia mjini, yafaa tukumbushe kihamba ni kitu gani. Juu kabisa husimama miti mirefu, kama mringaringa na mruka, ikipunguza ukali wa jua na kuangusha majani yanayorutubisha udongo. Chini yake kuna migomba. Chini ya migomba kuna kahawa. Chini ya kahawa kuna magimbi, maharage na mboga, na viazi vikuu hupanda juu ya miti kutafuta mwanga. Zizini ng'ombe hulishwa majani na vigogo vya migomba, na samadi yake hurudishwa migombani. Yote hayo hufanyika kwenye eneo ambalo mara nyingi halifiki hekta moja. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo huu, pale Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Yale ambayo wataalamu wanayatafuta leo, bibi zetu waliyafanya kila siku bila kuyapa jina kubwa.

Mpakani husimama masale. Mmea huo una kazi mbili: huonyesha mwisho wa ardhi ya mtu, na huwa ishara ya amani, kwa kuwa aliyemkosea mwenzake humpelekea sale kuomba msamaha. Tutalirudia jambo hili hapo mbele.

Yanayovuka masale

La kwanza ni maji. Mifongo yetu ilichimbwa na mababu kwa majembe, ikitoa maji mitoni huko juu na kuyaleta migombani kwa kufuata ubavu wa mlima. Hakuna aliyeweza kuchimba mfongo peke yake, wala kuusafisha peke yake. Palikuwa na siku ya kazi ya wote, palikuwa na zamu, na palikuwa na adhabu kwa mtegaji na kwa mwizi wa maji. Hiyo ndiyo siasa kwa maana yake halisi: watu kuamua pamoja juu ya kitu ambacho hakiwezi kuwa cha mmoja. Leo meza ya maamuzi imekuwa kubwa zaidi. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa vibali vya kutumia maji. Huko chini kuna miji, mashamba ya miwa, na bwawa la Nyumba ya Mungu linalozalisha umeme. Wote hao wana haki yao. Lakini asiyekuwa na msemaji mezani hugawiwa kilichobaki.

La pili ni msitu. Wengi wetu tunaamini kwamba maji ya mifongo hutoka katika theluji. Ni kweli kwamba barafu ya Kilimanjaro imepotea kwa zaidi ya asilimia 80 kati ya mwaka 1912 na 2011, na jambo hilo linatuhuzunisha. Lakini wataalamu wanatueleza kwamba maji yetu hutoka zaidi katika mvua, na katika ukungu unaokamatwa na miti ya msituni na kudondoshwa ardhini. Basi anayewasha moto huko juu, awe mrina asali au awe mpitaji mzembe, anaikausha migomba ya jirani zake. Mioto ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022 ilitupa onyo.

Papo hapo tuseme upande wa pili wa ukweli. Mwaka 1941 ukanda wa nusu maili ulitengwa pembeni mwa msitu ili wananchi wapate kuni, majani na mbao bila kuingia ndani zaidi. Mwaka 2005 hifadhi ya msitu iliunganishwa na Hifadhi ya Taifa. Nia ya kulinda ni njema, nasi tunaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini mama ambaye bibi yake alikata majani ya ng'ombe mahali pale bila hofu, leo anaweza kukamatwa kama mhalifu. Utunzaji wa mazingira usiomsikiliza maskini haudumu, kwa maana humfanya mlinzi wa jadi wa msitu kuwa adui yake.

La tatu ni kahawa. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliokuja Kilema mwishoni mwa karne ya 19 walileta Injili, na walileta pia miche ya kahawa. Wakulima wa mlimani wakajiunga katika chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ukazaliwa muungano wa KNCU. Kahawa hiyo ilisomesha watoto, ikajenga zahanati na makanisa. Kisha mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ya kahawa ulisimama, na bei ikaporomoka. Wako walioing'oa mibuni wakapanda nyanya, na wako waliokata miti ya kivuli wakauza mbao. Tuwahukumu? Tuulize kwanza ni uamuzi gani kati ya hiyo uliofanyika kihambani. Haupo hata mmoja. Yote iliamuliwa mbali, na matokeo yake yakaingia ndani ya masale bila kubisha hodi.

La nne ni ardhi, na hapa hatuna budi kujitazama wenyewe. Kihamba kimegawanywa kwa watoto wa kiume, na kwa watoto wao, hata sehemu nyingine hazitoshi nyumba na zizi. Kijana asiye na ardhi huenda mjini, au huuza kipande alichopata. Na wakati wa mgawo binti hutajwa mara chache. Mjane naye, matanga yakiisha, huanza kusikia maneno ya shemeji zake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataa mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Sheria ipo, wanaoivunja wamo kati yetu, na baadhi yao hupokea Komunyo kila Jumapili. Dhuluma hii haitoki Dodoma wala ng'ambo. Imeota ndani ya masale yetu wenyewe.

Nabothi na Yeremia

Maandiko Matakatifu yanayo habari ya bustani na siasa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, mfalme Ahabu analitamani shamba la mizabibu la Nabothi, lililo karibu na jumba lake, apate kulifanya bustani ya mboga. Nabothi anakataa kwa sababu ni urithi wa baba zake. Twaijua habari yote: Yezebeli anaandika barua, mashahidi wa uongo wanapatikana, Nabothi anapigwa mawe, na mfalme anakwenda kulitwaa shamba.

Tunapoisoma habari hiyo huwa tunamlaumu Ahabu na mkewe, na ni haki. Lakini tuwatazame pia wazee wa mji. Barua iliandikwa kwao. Walimjua Nabothi, walikuwa majirani zake, pengine walikula zabibu zake. Walijua kwamba shtaka ni la uongo, nao walitii. Yezebeli asingeweza kumuua Nabothi kwa barua peke yake kama wazee hao wangekataa kuitekeleza. Uovu wa wakubwa hupita katika mikono ya wadogo wanaosema, "Haya si yangu." Ndiyo maana tunasema kwamba mtu aliyejifungia kihambani hajawa nje ya mambo ya nchi. Ametoa ruhusa tu, bila kujua ameruhusu nini.

Nabii Yeremia naye, katika sura ya 29, aliwaandikia watu waliochukuliwa utumwani Babeli, watu wenye hofu na uchovu kuliko sisi. Aliwaagiza wapande bustani na wale matunda yake. Katika barua ile ile aliwaagiza wautafute ustawi wa mji walimokuwa wakiishi na kuuombea kwa Bwana. Maagizo hayo ni mawili, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuchukua la kwanza akaliacha la pili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha hivyo mwaka 1965, ulipoonya juu ya kutenganisha imani na maisha ya kila siku. Baba Mtakatifu Fransisko naye, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitufundisha kusikia kilio cha dunia na kilio cha maskini kwa pamoja.

Sale hupelekwa na nani

Sasa tuyarudie masale. Baada ya yale ya Oktoba 2025 wako wanaosema kwamba tusameheane na tusahau, ili amani irudi. Msamaha ni amri ya Bwana, nasi hatuwezi kuhubiri kinyume chake. Lakini wazee wetu walijua utaratibu. Sale hupelekwa na aliyekosa, naye hulipeleka akikiri kosa lake. Halipandwi kwa nguvu mlangoni mwa aliyekosewa, huku akiwa hajaambiwa mtoto wake amekufaje na amezikwa wapi. Aliyemwaga damu ya mtu asiye na hatia, awe na cheo, sare au fimbo mkononi, anadaiwa mbele ya Mungu na mbele ya sheria. Kusema hivyo si kuchochea fujo. Mwenye jeraha lisilosafishwa akifungwa bandeji nzuri, jeraha huoza ndani.

Tufanye nini

Hatuwaiti waamini kuviacha vihamba vyao. Tunawaomba waanzie hapo hapo.

1. Kila jumuiya iujue mfongo wake: unatoka wapi, unasimamiwa na nani, una kibali au hauna. Siku ya kuusafisha, Wakristo wawe wa kwanza kufika, wakishirikiana na majirani wa madhehebu na dini zote.

2. Tuhudhurie Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni haki ya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi. Tuombe taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Mali bila daftari huisha bila habari.

3. Viongozi wa walei wachunguze Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria inataka wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Mjane anapoitwa huko, jumuiya isimwache aende peke yake.

4. Kila familia ipande miti ya asili kihambani, na kuilinda miti iliyo kwenye chemchemi. Mikaratusi ikae mbali na vyanzo vya maji.

5. Wazazi wawape vijana, wa kiume na wa kike, sehemu ya kulima na kuamua wenyewe. Asiyewahi kuamua lolote nyumbani hatajua kuamua kijijini.

6. Tuwatembelee waliofiwa katika vurugu za uchaguzi, bila kuuliza marehemu alikuwa wa chama gani.

Maswali ya jumuiya

Ni uamuzi gani uliofanyika nje ya kihamba chako mwaka uliopita ambao umeuona katika mavuno yako? Katika habari ya Nabothi, jumuiya yetu inafanana zaidi na nani: Nabothi, wazee wa mji, au Eliya aliyetumwa kumkabili mfalme? Je, yupo mjane au yatima katika jumuiya yetu ambaye mpaka wake umesogezwa, nasi tunajua na tumenyamaza?

Tuanze na swali hilo la mwisho. Jumuiya itakayolijibu kwa ukweli, na kuurudisha mpaka mahali pake, itakuwa imepata haki ya kuwadai wakubwa nao warudishe yao.